Nimeacha kupima wanawake, sasa nataka kumwondoa binti kazini

SWALI

Mama mshauri, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini. Nina miaka 39, nina mke na watoto watatu. Nimepanga kibaraza mitaa ya karibu na Soko Kuu, nina cherehani mbili na moja ya ovaloki. Kazi yangu kubwa ni nguo za kina mama: vitenge, sare za harusi, magauni ya sendofu, na ukifika msimu wa kipaimara nashona magauni meupe ya mabinti mpaka usiku. Desemba ndiyo inayonilisha, maana watu wanapanda kwao mlimani na kila ukoo unataka sare. Kanisani ni mzee wa kanisa katika mtaa wetu, KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania).

Mwanzoni mwa mwaka huu tulikuwa na semina ya neno la Mungu. Mhubiri alifundisha kutoka Ayubu 31, pale Ayubu aliposema amefanya agano na macho yake. Akasema mwanamume aliyeokoka hapaswi kumtazama mwanamke mara ya pili, na kama kuna kitu kazini kwako kinakukosesha, king'oe ukitupe. Neno lile lilinichoma, maana moyo wangu naujua. Nilikwenda mbele nikaombewa, nikaweka agano.

Tangu hapo kazi imekuwa mateso. Mteja wa kike akiingia naangalia chini au naangalia kalenda ukutani. Kuna nesi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja kushona gauni la sendofu ya mdogo wake. Nilizungusha futi kifuani mwake huku nimegeukia ukutani, nikasoma harakaharaka, nikaandika inchi 36. Gauni lilipokwisha halikupanda. Zipu iligoma katikati ya mgongo, na shughuli ilikuwa kesho yake. Nilifumua ubavuni usiku uleule nikaongeza kipande. Alipokuja kuchukua aliniuliza, "Fundi, kwani nimekukosea nini? Siku hizi unaniongelesha kama unaongea na mlango." Sikuwa na jibu, na hajarudi tena. Wengine nao wamepungua. Nafikiria nibaki na suti za wanaume na sare za shule tu, lakini hapo kodi ya kibaraza sitaifikia.

Jambo lililonifanya nikuandikie hasa ni binti anayejifunza kazi kwangu. Ana miaka 20, ni mtoto wa mama mdogo wa mke wangu, ametoka Rombo, na ananiita shemeji. Mama yake alihangaika sana kupata hela ya kumlipia. Ni mwepesi wa kushika. Kola ameshajua kukata, na zipu anaiweka ikalala vizuri kuliko mimi nilipokuwa mwanafunzi. Lakini anavaa blauzi za kubana, na akiinama kukata kitambaa mezani mimi natoka nje nasimama barabarani kama mtu anayesubiri daladala. Yeye hajanifanyia lolote baya, nisimsingizie. Nimekuwa mkali kwake, namkaripia hata kwa kosa dogo ili ajue sina mchezo. Nimeamua aondoke kabla ya Desemba.

Nilipomwambia mke wangu kwamba nataka binti arudi kwao, alinyamaza kwanza, halafu akauliza, "Mmefanya nini?" Nikasema hakuna kitu. Akasema hakuna fundi anayemfukuza mtu anayejua kazi mwezi wa kumi. Tangu siku hiyo nyumbani hakuna amani. Analalamika pia kwamba hata yeye mwenyewe simtazami siku hizi.

Nisifiche, kuna na simu. Kundi letu la WhatsApp la mafundi huwa wanatuma video chafu, na usiku nikibaki sebuleni wakati mwingine natafuta mwenyewe. Nikimaliza nafuta, naomba toba. Kwaresma nilifunga nikakaa vizuri, baada ya Pasaka nikarudi. Hili hakuna anayelijua.

Je, nikimwondoa binti nitakuwa nimefanya sawa? Nibadilishe aina ya kazi? Mke wangu nimwambie nini? Na uzee wa kanisa niuache? Naogopa, kwa sababu kwetu mtu akijulikana ana jambo anatengwa, hakaribii meza ya Bwana mpaka arudi kundini mbele ya watu. Watoto wangu wataniona vipi?

Fundi, Moshi

JIBU

Marahaba, baba. Asifiwe sana.

Mtu asiyejali hawezi kuandika barua kama hii yako. Unampenda Mungu, unampenda mkeo, na unaogopa kuishi na sura mbili. Hofu hiyo inatoka kwenye dhamiri iliyo hai, kwa hiyo usiichukue kama ushahidi kwamba Mungu amekuacha.

Niseme nilivyokuelewa, nawe unirekebishe nikikosea. Uliweka agano kwa moyo mweupe. Kulitimiza kumekufanya uwakwepe wateja, umkaripie binti wa watu, na umtie mkeo wasiwasi. Sasa unaona njia iliyobaki ni kuendelea kukata: binti aondoke, vitenge viondoke, uzee wa kanisa uondoke. Na bado kuna simu.

Hapo kwenye simu kuna jambo nimeliona. Gauni la nesi umenieleza mpaka inchi zake, na mahali zipu ilipogoma nimepajua. Binti nimejua anavyokata kola na anavyoweka zipu. Simu umeipa mistari michache karibu na mwisho, ukapita haraka. Inawezekana ni aibu tu, na aibu naielewa. Lakini nakuomba ujiulize taratibu: ukimwondoa binti leo, ukaacha kushona nguo za kike kesho, usiku wa kesho kutwa pale sebuleni kutakuwa kumebadilika nini? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe.

Turudi kwa Ayubu, maana ndiye uliyemfuata ulipoweka agano. Naomba sura ile ya 31 uisome yote, usiishie mstari wa kwanza. Ni kiapo kirefu cha mtu anayefungua maisha yake yote mbele za Mungu. Ameanza na macho yake, ndiyo. Akienda mbele kidogo anasema habari za mtumwa wake na mjakazi wake: kwamba kama amewanyima haki yao walipokuwa na neno naye, atamjibu nini Mungu, maana aliyemuumba yeye tumboni ndiye aliyewaumba na wao. Halafu anamtaja mjane, kwamba hakuyaacha macho yake yafifie kwa kungojea msaada. Ni kiapo kimoja. Ayubu hakudhani anaweza kuyatunza macho yake kwa kumwonea msichana anayemfanyia kazi. Macho safi na haki ya mjakazi aliviapia pamoja.

Mhubiri wenu alifundisha jambo la kweli, simpingi. Siku hizi macho yetu yanalishwa uchafu mchana na usiku, na wanaosema wazi juu yake ni wachache. Ila kwenye lile neno la kung'oa, Bwana Yesu katika Mathayo 5 alisema jicho lako likikukosesha. Lako wewe. Hakusema mwondoe yule unayemtazama. Na kosa alilolitaja pale ni kumtazama mwanamke kwa kumtamani, yaani kukaa naye machoni kwa ajili ya tamaa. Kuona tu kwamba mtu ni mzuri si anguko. Fundi anayeangalia bega la mteja ili mkono wa gauni ukae sawa anafanya kazi yake, na kazi hiyo inaweza kufanywa kwa moyo safi. Wewe umeweka kuona na kutamani katika kapu moja. Ndiyo maana kila mteja anayeingia sasa ni hatari, na umechoka.

Labda umemfikiria pia Yusufu, aliyeliacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa akakimbia. Kukimbia ni hekima, na kuna mahali hata wewe unapaswa kukimbia, nitapafikia. Lakini Yusufu alikimbia mtu aliyemshika nguo, akimng'ang'ania siku baada ya siku. Huyu binti wako amekushika nini? Umeandika mwenyewe kwamba hajakufanyia lolote. Anakuita shemeji, anakuja asubuhi, anajifunza kazi ambayo mama yake amemlipia kwa shida. Akirudishwa Rombo katikati ya mafunzo bila sababu inayosemeka, unafikiri watu watasema nini? Hawatasema shemeji yake alikuwa anayalinda macho yake. Watasema binti alifanya jambo. Mkeo ameshaanza kuuliza "mmefanya nini," na yeye ni ndugu anayempenda. Kijijini hawatauliza, watahitimisha. Wewe utabaki na agano lako, yeye atabaki na jina lililochafuka. Sidhani hilo ndilo ulilokusudia ulipokwenda mbele kuombewa.

Niseme hapa kama mwanamke, ingawa hukuniuliza. Mwanamke hujua anapotazamwa vibaya, hata kwa kisogo. Hujua vilevile anapokwepwa kama uchafu. Nesi alijua, ndiyo maana akakuuliza amekukosea nini. Binti naye anajua, ila kwa umri wake hawezi kukuuliza, kwa hiyo huenda kila jioni anajiuliza yeye ana kasoro gani. Katika Luka 7, yule mwanamke aliyejulikana mji mzima kuwa mwenye dhambi alipoilowesha miguu ya Yesu kwa machozi, Bwana alimgeukia, kisha akamuuliza Simoni kama anamwona mwanamke huyu. Simoni alikuwa ameona dhambi zake tu. Yesu alimtazama akamwona mtu. Nafikiri huko ndiko macho yako yanakohitaji kufika, na njia ya ukutani kwenye kalenda haifiki huko.

Unaweza kuanza na mambo madogo ya kibarazani. Kuwapima wanawake, kwa mfano, si lazima ufanye wewe. Mafundi wengi wa kiume huwa na mwanamke anayeshika futi, fundi anaandika tu, na wateja wengine wanapenda hivyo hasa. Kwako mwanamke huyo yupo tayari, naye ndiye unayetaka kumfukuza. Mfundishe kupima, ni sehemu ya kazi aliyoijia. Mteja asiyetaka kupimwa anaweza kuleta gauni linalomkaa vizuri mkalipima mezani. Na kama mavazi yanakusumbua, iwekeni aproni kuwa sare ya kazi kwa wote, nawe ukiwemo, bila hotuba na bila kumtazama yeye unapolitangaza. Ila usiniambie blauzi yake ndiyo shida yote. Zile video za usiku hazikuletwa na blauzi ya mtu, na jicho lililozoea kuangalia watu hivyo usiku haliachi kazi kunapokucha. Linakuja nalo dukani. Inawezekana kabisa kwamba usiku ukitulia, mchana nao utakuwa mwepesi kuliko unavyodhani.

Inawezekana pia ukajaribu haya yote na bado ukaona kwamba kukaa naye chumba kimoja kunakuelemea. Sitakuambia hilo haliwezekani. Hapo kumhamishia kwa fundi mwingine, mwanamke, kunaweza kuwa jambo la heshima, mradi lifanywe kwa faida yake: aulizwe kwanza yeye mwenyewe, hela iliyobaki ya mafunzo imfuate, na mama yake asikie kutoka kinywani mwako kwamba binti ni hodari na hana kosa. Hata hivyo gharama itakuwepo. Mkeo ataendelea kuuliza kwa nini, na kama jibu la kweli bado umelificha, maneno mazuri utakayosema juu ya binti hayatamtuliza.

Nilisema kuna mahali pa kukimbia. Ni hiyo simu. Angalia habari ya Daudi katika 2 Samweli 11. Ni majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, yeye amebaki Yerusalemu. Jioni anaamka kitandani, anatembea juu ya dari peke yake, hana la kufanya. Bathsheba alikuwa anaoga, hakumwita mtu. Daudi akaona, kisha akatuma watu kuuliza ni nani, kisha akatuma achukuliwe. Kati ya kuona na kuanguka kulikuwa na nafasi kadhaa za kugeuka. Sasa jiangalie wewe: umeshona mpaka usiku, mgongo unauma, nyumba imelala, simu iko mkononi, na moyoni una hasira kwamba leo tena mambo hayakwenda. Mwili uliochoka kiasi hicho hutafuta faraja ya haraka. Usiusubiri ufike hapo ndipo uanze kupigana nao kwa maombi. Maombi yaje mapema zaidi, na simu ilale kwingine.

Toka kwenye lile kundi. WhatsApp siku hizi ukitoka inawajulisha viongozi wa kundi tu, wengine hawatangaziwi. Kwenye mipangilio unaweza kuchagua nani anaruhusiwa kukuingiza kwenye makundi, na unaweza kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe. Kama mafundi wanapeana kazi humo na unaogopa kukosa oda, waombe wawili watatu wanaoaminika mfungue kundi la kazi peke yake. Wakikuuliza sababu, waambie pia kwamba kusambaza video za namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kuna watu hawasikii Biblia lakini husikia sheria. Usiku simu ichaji chumbani upande wa mkeo, siyo sebuleni. Hivi ni vitu vidogo na havibadilishi moyo, najua. Vinaupa moyo muda wa kufikiri tu.

Nije kwenye neno lako zito kuliko yote: hakuna anayelijua. Augustino, askofu wa Hippo, mahali palipo Algeria ya leo, alisimulia karibu mwaka 400 habari ya rafiki yake Alipio. Kijana huyu alichukia michezo ya Roma ambako watu walichinjana mbele ya umati. Wenzake wakamburuta uwanjani kwa nguvu. Akawaambia mwili wangu mtauleta, macho yangu hamtayapata, akakaa ameyafumba. Mpiganaji mmoja alipoanguka, umati ukapiga kelele kubwa. Alipio akafumbua macho aone tu ni nini, akiamini atakidharau hata akikiona. Hakuweza kuyatoa tena, na baadaye akawa yeye ndiye anayewavuta wengine kwenda. Augustino aliona kosa la rafiki yake lilianzia kwenye kujitegemea mwenyewe. Nimekukumbuka wewe hapo. Agano lako umeliweka peke yako, Kwaresma umepigana peke yako, baada ya Pasaka umeanguka peke yako, na toba umefanya peke yako. Yakobo anatuambia tuungamiane dhambi na kuombeana, tupate kuponywa. Sijui mtu aliyelimaliza jambo la namna hii bila mtu wa pili kulijua.

Mtu huyo wa pili awe nani? Hapo siwezi kukuchagulia.

Anaweza kuwa mchungaji wako. Unaogopa kutengwa, na hofu hiyo kwa watu wa huko mlimani ina sababu, wengi tumeona watu wakisimamishwa mbele ya usharika. Lakini ulipokuwa darasa la kipaimara ulifundishwa Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, na humo ungamo lina sehemu mbili: kuungama dhambi, na kupokea ondoleo kutoka kwa anayekuungamisha kama kutoka kwa Mungu mwenyewe. Hilo ni jambo la faragha, ni tofauti na shauri lililofika kwenye baraza la wazee. Kabla hujafungua mdomo, muulize waziwazi: mchungaji, nikikuletea ungamo la siri, utalishikaje? Sikiliza jibu lake. Usipotulia nalo, tafuta mchungaji mwingine unayemwamini, hata wa usharika wa mbali. Wazee wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenea mpaka kwetu, waliita jambo hili kutembea nuruni, na uliwafungua wengi. Mimi nina tahadhari moja tu juu ya ushuhuda wa hadharani: ukisimama kusema yako, unaweza kumvua nguo mkeo na yule binti mbele ya watu, nao hukuwaomba ruhusa.

Ukiona umejitahidi kwa moyo wote, umemshirikisha mtu, na bado mkono unaifuata simu kila usiku kana kwamba si wako, tafuta mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo. Kwenda kwake hakupunguzi imani.

Mkeo sasa. Ukinyamaza, naona hatari kubwa mbili. Ameshaamini kuna jambo, na akikosa ukweli atalijaza pengo mwenyewe, na wa kujazia yupo karibu: mtoto wa mama yake mdogo. Pili, anaona humtazami. Ile sheria yako ya kuangalia chini umeipeleka mpaka nyumbani kwa mwanamke ambaye Mungu amekupa umtazame. Huenda anadhani amezeeka au amechakaa machoni pako. Hilo linaumiza, baba, na wanawake wengi hawalisemi.

Ukimwambia, nako kuna hatari. Ataumia. Anaweza kulia siku nyingi, anaweza kutaka kuishika simu yako, anaweza kujilinganisha na wanawake ambao hata hajawaona. Anaweza kumwambia dada yake. Kwa hiyo kama utaamua kusema, chagua wakati, isiwe usiku wa manane wala Jumapili mnapotoka kanisani na watoto wanasikia. Anza kwa kumsafisha binti: mwambie kwamba hakuna kilichotokea kati yenu, na kwamba ulitaka kumwondoa kwa sababu ya vita yako mwenyewe. Halafu mwambie kuhusu simu, kwa ufupi na bila uongo. Usimweleze ulichokiona kwa undani, picha hizo zikimwingia kichwani hazitatoka kirahisi. Na usimwombe akusamehe papo hapo ili wewe upate usingizi. Mpe muda wake. Akitaka kukaa na simu yako kwa muda, unaweza kukubali, ila usimfanye askari wako. Yeye ni mke, na ulinzi wa macho yako utabaki kuwa kazi yako.

Kuna watu wangekushauri umwone mchungaji kwanza, ndipo uende kwa mkeo ukiwa umetulia. Wengine wangesema mke asiwe wa pili kujua mambo ya nyumba yake. Nimeona njia zote mbili zikifanya kazi, na zote zikivuruga. Wewe unamjua mkeo. Ninachokuomba ni usichague kwa sababu ya ipi inakuchelewesha zaidi.

Kuhusu watoto, hawana haja ya kujua habari hizi. Watajua kama baba yao anaongea na mama yao kwa upole, na kama mama yao mdogo anayejifunza kazi anakaripiwa au anaheshimiwa. Hayo wanayaona tayari.

Uzee wa kanisa usiuamue sasa, ukiwa na aibu hivi. Kujiuzulu ghafla kunazua maswali, na kung'ang'ania kiti kwa kuogopa maswali nako si kuzuri. Kama wewe na mchungaji mtaona ni vema upumzike kwa kipindi, anaweza kulipanga bila kutangaza sababu, na kama mtaona uendelee, utaendelea ukiwa na mtu mmoja anayekujua ulivyo. Lisubiri mazungumzo hayo. Na binti asiambiwe lolote la kuondoka mpaka hapo.

Ukiona vema, niandikie tena baada ya kuongea na mmoja wao. Nakuombea.